Mashine imesema nimepungukiwa magnesiamu. Niamini?

"Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri miaka 61, naishi Mafinga. Tangu mwaka jana nabanwa misuli ya miguu usiku hadi naamka na kelele, kope la jicho la kushoto linachezacheza, na nachoka hata kama sijafanya kazi. Wiki mbili zilizopita walipita vijana wenye mashine ya kupima mwili mzima. Nikashika kichuma dakika moja, ikatoka karatasi yenye mambo zaidi ya thelathini, na kwenye magnesiamu wakazungushia duara jekundu. Kopo la virutubisho ni shilingi 95,000 na wanasema nahitaji matatu. Dawa ninazotumia ni ya presha, ile ya kukojoza, haidroklorothiazaidi, pamoja na omeprazo ya vidonda vya tumbo tangu 2021. Naomba unieleze daktari, dalili za kupungukiwa magnesiamu ni zipi hasa, na nitajuaje kama ni kweli?"

Kamwene mama, na shikamoo.

Nianze kwa kusahihisha cheo: mimi si daktari, ni mfamasia. Hapa Mbeya kila mwenye koti jeupe ni daktari na nimeshachoka kubisha, ila safari hii tofauti hiyo ina maana. Daktari huenda angeanza na miguu yako. Mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye dawa mbili ulizozitaja mwishoni, yakabaki hapo.

Lakini umeuliza dalili, basi dalili utazipata. Kabla yake tumalizane na hiyo mashine, maana inakudai shilingi 285,000.

Magnesiamu ni madini, na mwili wa mtu mzima una kama gramu 25, sawa na vijiko vidogo vinne vya chumvi hivi. Zaidi ya nusu imejichimbia kwenye mifupa, na karibu yote iliyobaki imo ndani ya misuli na viungo vingine laini. Inayoelea kwenye damu haifiki asilimia 1. Sasa kichuma cha kushika kiganjani kitaifikia wapi hiyo? Kinachoweza kuhisi ni ngozi tu, kama ina jasho au imekauka. Niliwahi kukishika mwenyewe kwenye maonyesho fulani. Asubuhi nikamwambia kijana nina miaka 35, mchana nikarudi kwa mwenzake nikasema 58 (sura yangu inaruhusu uongo wa pande zote mbili). Asubuhi nilikuwa mzima wa afya. Mchana nilikuwa nimekwisha: ini, figo, magnesiamu, hata kumbukumbu. Kati ya hapo nilikuwa nimekula chipsi mayai tu.

Kwa hiyo karatasi ile haina uzito. Ila usikimbilie kufurahi, maana hata mpiga ramli wa kubahatisha kuna siku hupatia, na kwako wewe nina wasiwasi kwamba kapatia.

Haya, dalili. Upungufu wa magnesiamu unapoanza hautaji jina lake. Mtu anakosa hamu ya kula, anasikia kichefuchefu, pengine anatapika, mwili mzito, nguvu hakuna. Wewe umefundisha watoto miaka mingi. Mtoto akikwambia "mwalimu najisikia vibaya", umejua nini hapo? Malaria huanza hivyo. Damu kupungua huanza hivyo, tezi la shingo likilegea huanza hivyo, msongo wa mawazo huanza hivyo, hata mstaafu anayesubiri mafao huanza hivyo. Ndiyo maana zile orodha zinazosambazwa WhatsApp, "dalili kumi za upungufu wa magnesiamu", kila anayezisoma anajikuta ndani. Zimeandikwa zimtoshe kila mtu.

Upungufu ukizidi ndipo neva zinapoanza kusema. Kwenye neva na misuli magnesiamu ni kama mlinzi wa geti. Kalsiamu ikiingia, msuli unajikunja. Magnesiamu ndiyo inayoizuia isiingie ovyo. Mlinzi akiondoka, neva zinafyatuka bila kuamriwa. Vidole vya mikono na miguu vinakufa ganzi au kuchomwachomwa kama pini, na mara nyingi midomo nayo pembezoni. Misuli inatetemeka, inacheza, inabana. Hali ikiwa mbaya mkono unakakamaa kwa namna yake: kifundo cha mkono kinakunjika kuelekea ndani, vidole vinanyooka na kubanana, kidole gumba kinaingia katikati, unafanana na mkono wa mkunga anayejiandaa kumpima mjamzito. Hii ikitokea haihitaji mashine. Daktari anaweza hata kuichokoza makusudi kwa mkanda wa kupimia presha: anaukaza kupita presha yako, anauacha dakika 3, anatazama kama mkono utajikunja wenyewe. Kipimo hicho kina jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19, Armand Trousseau, na hadi leo hakigharimu kitu. Lakini usijifanyie nyumbani.

Kwa haki, ishara hiyo ni ya kalsiamu kushuka. Hapa ndipo magnesiamu inapokuwa na tabia ya kuchosha: ikiisha, haiondoki peke yake. Tezi ndogo za shingoni zinazolinda kiwango cha kalsiamu zinashindwa kazi bila magnesiamu, kwa hiyo kalsiamu inashuka. Figo nazo zinaanza kumwaga potasiamu kwenye mkojo, kwa hiyo nayo inashuka. Nakumbuka mzee mmoja wodini, mpenzi mkubwa wa ulanzi (pombe ya mianzi), ambaye potasiamu yake ilikataa kupanda siku tatu mfululizo. Dripu inaingia, vipimo vinarudi vilevile. Siku ya nne daktari kijana, wa mafunzo kwa vitendo, akauliza kwa aibu kama kuna aliyepima magnesiamu. Hakuna aliyekuwa amepima. Ilikuwa chini sana. Ilipopewa, potasiamu ikatii.

Mbele zaidi ya hapo kuna mapigo ya moyo kuruka au kwenda mrama, kuchanganyikiwa, tabia kubadilika, na degedege kwa mtu mzima asiye na kifafa. Huko ni hospitali usiku huohuo.

Sasa tuzipime zako mama.

Kubanwa misuli ya miguu usiku ni jambo la kawaida mno kwa watu wa umri wako, na kwa wengi sababu haionekani hata ukipima kila kitu. Magnesiamu imejaribiwa sana kwa tatizo hili. Tathmini za Cochrane, zinazokusanya majaribio mengi na kuyapima kwa pamoja, zimeona kwamba kwa wazee wanaobanwa misuli bila sababu inayojulikana, vidonge vya magnesiamu havielekei kuleta nafuu ya maana. Bora unyooshe misuli kabla ya kulala: simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kisinyanyuke, egemea mbele hadi uusikie msuli wa nyuma ukivutika, hesabu hadi thelathini, badilisha. Ukibanwa usiku, vuta vidole vya mguu kuelekea goti. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma nyuma, huo si msuli kubanwa, huenda ni damu imeganda kwenye mshipa. Usisubiri kesho.

Kope? Bibi yangu kule Tukuyu alikuwa akisema jicho likicheza chini utalia, likicheza juu utapata mgeni. Hakuwahi kutaja magnesiamu, na kwa hili sayansi haijamzidi sana. Kope huchezacheza zaidi kwa uchovu, kukosa usingizi, mawazo, na chai nyingi ya rangi. Na kabla hujaniuliza, vidoa vyeupe kwenye kucha kwa kawaida ni kucha iliyogongwa ikiwa bado inaota.

Kwa dalili peke yake, basi, ningekuambia ulale usingizi wako. Kinachonizuia ni dawa.

Upungufu wa magnesiamu wenye kuumiza kwa kawaida una tundu. Ni nadra mtu mzima mwenye figo nzima na anayekula vizuri akaishiwa hivihivi, kwa sababu figo zikiona magnesiamu inapungua zinafunga bomba, mkojo unatoka karibu bila magnesiamu. Kwa hiyo mbele ya mtu anayedhani amepungukiwa mimi huuliza kwanza inavujia wapi. Wewe una matundu mawili, na yote yamefunguliwa kwa cheti cha daktari.

La kwanza ni omeprazo. Inapunguza asidi tumboni, na ni dawa nzuri, lakini ikitumika muda mrefu utumbo wa baadhi ya watu unashindwa kufyonza magnesiamu ya chakula. Mwaka 2011 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu kundi zima la dawa hizi: tatizo linaonekana zaidi kwa waliozitumia zaidi ya mwaka mmoja, na karibu robo ya wagonjwa waliochunguzwa hawakupanda kwa vidonge vya magnesiamu peke yake mpaka dawa yenyewe iliposimamishwa. Isome tena hiyo sentensi ukiwa na bei ya makopo matatu kichwani. Kama tundu lako ni hilo, unaweza kuyamaliza yote matatu na usisogee.

Wewe umeanza 2021. Nikuulize bila kukulaumu: nani alisema uendelee hadi leo? Kwa kawaida vidonda vya tumbo hutibiwa kwa wiki, si kwa miaka, na kama vilisababishwa na bakteria, kuna dawa za kumuua wakamalizana naye. Kaunta ninaona watu wanakuja na boksi tupu la omeprazo, wanaliweka mezani, wanaondoka na jingine, mwaka baada ya mwaka, na mtu wa kwanza aliyeandika ile dawa alishahama mkoa. Na sisi wauza dawa tunachangia. Hata hivyo usiiache ghafla leo usiku. Asidi itarudi kwa fujo kwa siku au wiki kadhaa, utaungua kifua, na utasema mfamasia wa Mbeya ameniua. Kuna wanaoihitaji kweli kwa muda mrefu, kwa mfano waliowahi kutokwa damu tumboni. Daktari ataamua kama inapunguzwa polepole, inabadilishwa kuwa famotidini, au inabaki kwa sababu inayoeleweka.

Tundu la pili ni haidroklorothiazaidi. Inashusha presha kwa kukufanya ukojoe chumvi, na pamoja na chumvi hiyo potasiamu na magnesiamu zinatoka. Kwa mtu anayekula vizuri peke yake huenda isingekuwa na kishindo. Lakini wewe juu magnesiamu haiingii sawasawa, chini inatoka zaidi. Hii nayo usiiache; presha isiyo na dawa ina hatari za karibu kuliko hizi tunazozungumza.

Wengine wanaosoma wana matundu yao. Kisukari kisichodhibitiwa, kwa sababu sukari ikipita kwenye mkojo huburuta magnesiamu. Kuharisha kusikokoma. Furosemaidi, dawa nyingine ya kukojoza, ya wagonjwa wa moyo. Pombe ya kila siku, iwe ulanzi, kimpumu au bia: magnesiamu inatoka kwa mkojo na kutapika, na chakula hakiliwi. Dawa nzito za hospitali kama amfoterisini, sisiplatini na jentamaisini wodini zina watu wa kuzifuatilia, sizisemi zaidi.

Nenda ukapimwe damu, basi. Zahanati nyingi hazina kipimo cha magnesiamu, kwa hiyo uliza kwanza hospitali ya wilaya, na ikishindikana panda gari uje Iringa au huku. Mwombe daktari apime kwa pamoja magnesiamu, potasiamu, kalsiamu, kreatinini ya figo na sukari. Magnesiamu ya damu ikiwa chini ya milimoli 0.7 kwa lita, upungufu upo. Ishara kali nilizozieleza kwa kawaida huja ikishuka chini ya 0.5. Ikiwa katikati ya kiwango, kumbuka ile asilimia 1: damu inaweza kusomeka vizuri huku maghala yanapungua, na hapo daktari atapima dawa zako, dalili zako na potasiamu yako kwa pamoja. Mahindi ni wakweli zaidi kuliko sisi kwa hili. Bila shaka una shamba huko, umewahi kuona mhindi majani ya chini yanapata mistari ya njano katikati ya mishipa huku ya juu yamebaki ya kijani. Mara nyingi ni magnesiamu hiyo, imekwisha kwenye udongo wenye asidi uliosafishwa na mvua, na mmea unaihamisha kutoka jani zee kwenda jani changa. Mwili wetu nao hukopa kwenye mifupa, ila hauonyeshi njano popote.

Chakula sasa. Mwanamke wa umri wako anahitaji kama miligramu 320 kwa siku, mwanaume 420. Kwa Nyanda za Juu Kusini hii si hesabu ya kutisha, isipokuwa tumeiharibu wenyewe kwa sembe. Magnesiamu ya punje ya mahindi iko kwenye kiini na pumba. Gramu 100 za dona zina kama miligramu 127; ukikoboa na kuondoa kiini zinabaki kama 32. Zile pumba tunampelekea ng'ombe, naye ndiye anayekula vizuri. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kati ya 70 na 90. Mbegu za maboga ndizo bingwa: kiganja kimoja, kama gramu 28, kina karibu 150, na watu wanazitupa jalalani na kupika msusa, yaani majani yake, peke yake (msusa nao ni mzuri, kama mboga nyingine za kijani kibichi). Parachichi zima la wastani karibu 58, ndizi mbivu 30, karanga kiganja kimoja kama 48. Makande ya mahindi yasiyokobolewa na maharage, usimwage maji yake, ukamalizia na parachichi, yanakaribia nusu ya siku kwenye sahani moja. Kwa bei ya kopo lile unajua mwenyewe utanunua debe ngapi za maharage sokoni kwenu.

Chakula hakitakuzidishia, kwa sababu figo zinatoa kinachobaki. Vidonge ni habari nyingine, hasa kwa mwenye presha ya miaka mingi ambaye hajawahi kupima figo. Magnesiamu ikizidi mwilini inafanya kinyume cha yote niliyoyasema: misuli inalegea, presha inashuka, kupumua kunapungua, moyo unaweza kusimama. Waulize manesi wa wodi ya wazazi. Wanamchoma mama mwenye kifafa cha mimba magnesiamu sulfeti, dozi kubwa, na inaokoa maisha. Lakini kabla ya kila sindano inayofuata wanagonga goti waone kama linaruka, wanahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, na wanapima mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Hawafanyi hivyo kwa kupenda kazi nyingi. Kwa hiyo kreatinini kwanza, kopo baadaye, kama litahitajika. Na likihitajika, vidonge vya magnesiamu vya famasi vyenye kiwango kilichoandikwa vitatosha. Marekani wanashauri nyongeza ya vidonge isipite miligramu 350 kwa siku bila daktari, na dalili ya kwanza ya kuzidisha ni kuharisha.

Usije ukaona njia ya mkato kwenye vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, ambavyo watu dukani huviomba kwa jina hilohilo, "nipe magnesiamu". Vinafyonzwa kidogo sana.

Hapa naomba kuwageukia wasomaji wengine, kwa sababu ya tunakoishi. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya virusi vya Ukimwi asilimia 11.4 Njombe na 11.3 Iringa, na wengi wa walio kwenye dawa leo wanatumia kidonge chenye dolutegraviri. Magnesiamu, iwe ya kopo au ya kiungulia, hukishika kidonge hicho tumboni kisifyonzwe. Meza ARV muda wa saa 2 kabla ya magnesiamu, au muda wa saa 6 baada yake. Doksisaiklini na siprofloksasini, dawa za kuua bakteria, nazo hazitaki kukaa na magnesiamu pamoja. Vijana wa mashine hawaulizi mtu anatumia nini, na mtu hawezi kuwaambia mbele ya foleni.

Kwako mama, mpaka siku ya kipimo: endelea na dawa zako zote mbili, hamia dona, nyoosha miguu kabla ya kulala, punguza chai ya jioni. Ukisikia moyo unaruka na kizunguzungu, au vidole vikikakamaa, usingoje miadi. Na ile karatasi ya mashine usiitupe. Upande wa nyuma ni mweupe. Andika hapo jina la kila dawa unayomeza, mwaka ulioianza na aliyekuandikia, kisha umpe daktari aanze kusoma upande huo.